Mtoto si "deplase": tunawarithisha watoto vita, tunasahau kuwarithisha nyumba

"Unatoka wapi, mtoto?" Nilimuuliza hivyo kijana mdogo, wa miaka kama minane, aliyekuwa akiuza karanga kando ya gare hapa Kabongo. Sikumuuliza kwa ubaya. Kwetu ukikutana na mtoto usiyemjua unamuuliza wa kwao, ujue umsalimie namna gani. Pengine ni mjukuu wa mtu mliyekula naye bukari miaka ishirini iliyopita.

Alinitazama, akajibu: "Miye ni deplase."

Nikasema: "Ndiyo, lakini kijiji? Nkambo yako ni wa wapi?"

"Sijue. Siye tuko badeplase."

Nilinunua karanga, nikaenda zangu. Lakini neno lile lilinifuata siku tatu. Deplase si kijiji, si ukoo, wala si kabila. Ni neno la karatasi za mashirika, la kuwapanga watu kwenye mstari wa unga, mafuta na sabuni. Aliyelileta hakutaka liwe jina la mtu. Lakini mtoto huyu amelichukua akalifanya jina la watu wake, kwa sababu nyumbani hakuna aliyempa jina lingine.

Kwa hiyo leo siandiki habari za bei ya mahindi wala za treni iliyochelewa. Leo nataka kugombana na sisi wazazi. Nasema sisi, maana nami nina watoto, na nami sina mikono safi katika jambo hili. Ninyi mnaonisoma kwenye telefone, na ninyi mnaosomewa na jirani, nisikilizeni mpaka mwisho. Baadaye mtanitukana.

Duka la Mhindi, Lubumbashi

Miaka michache iliyopita nilikwenda Lubumbashi kutafuta betri na waya za redio. Nikaingia duka la Mhindi mmoja katikati ya mji, karibu saa ya kufunga. Nyuma ya meza, juu ya rafu ya balbu na soketi, palikuwa na kibao kidogo chenye picha ya kimungu, maua, na taa ndogo ya mafuta. Mtoto wa mwenye duka, wa miaka kumi hivi, alikuwa ametoka masomo, bado amevaa shati jeupe na suruali ya bluu kama watoto wetu wote. Alivua viatu, akanawa mikono, akawasha taa, akaunganisha viganja, akanong'ona maneno machache. Haikufika dakika mbili. Akavaa viatu, akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili cha Lubumbashi kabisa: "Papa, unatafuta nini?"

Kwa baba yake aliongea Kigujarati. Daftari zake za masomo zilikuwa za Kifaransa.

Nilimuuliza yule baba alimfundisha mtoto lini mambo ya kwao, hapa mbali na India. Akajibu huku akifunga hesabu: "Kila siku kidogo. Nisipomwonyesha mimi, nani hapa atamwonyesha?"

Swali hilo ndilo ninalowaletea leo. Nisipomwonyesha mimi, nani atamwonyesha? Serikali? Mwalimu mwenye watoto themanini darasani? Shirika lililokuja kwa miezi sita?

Nani hawa, na walifanyaje?

Kwetu kila mwenye duka mwenye nywele laini tunamwita Muhindi, tunamaliza. Lakini wako wa dini nyingi: Waislamu, Waismailia, Masingasinga, Wakatoliki wa Goa. Ninaowasema leo ni Wahindu, wafuasi wa dini ya kale ya India. Wengi walioko Afrika Mashariki asili yao ni Gujarati, nao walikuja kwa majahazi kufanya biashara. Wengine waliletwa na Waingereza kujenga reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, kati ya 1896 na 1901. Waliletwa vibarua kama 32,000 kutoka India ya wakati ule, wa dini mbalimbali. Wengi walirudi, wengine walikufa, wachache walibaki.

Walijikuta mahali ambapo hakuna hekalu lao, hakuna padri wao, hakuna masomo ya lugha yao, na jirani hajui sikukuu yao ni lini. Hali hiyo ninyi mliotoka Mitwaba, Malemba-Nkulu au Manono mnaijua. Tofauti ni kwamba wao walianza kazi bila kungoja. Nairobi ilikuwa bado mji wa mabati wakati Wahindu wa chama cha Arya Samaj walipoanzisha tawi lao mwaka 1903, na haukupita muda wakafungua masomo ya wasichana. Masomo ya wasichana, wakati ambapo hata huko India wengi walikuwa wakibisha kama msichana afundishwe kusoma! Walielewa kwamba mama asiyejua mambo yao hatakuwa na cha kumpa mtoto.

Lakini hekalu na masomo vilikuja juu ya kitu kingine. Kitu cha kwanza kilikuwa nyumba. Rafu ndogo jikoni au sebuleni, yenye taa. Lugha ya mama mezani. Chakula chao, na wengi wao hawali nyama, kwa sababu wanafundisha mtoto asitoe uhai wa kiumbe bila lazima. Unaweza usikubali, mimi nakula kuku wangu bila wasiwasi, lakini tazama jinsi fundisho lile linavyoingia: mtoto analikuta kwenye sahani mara mbili kwa siku, bila hotuba. Na kuna sikukuu ya Diwali, ambapo nyumba inasafishwa, taa zinawashwa mlangoni, na wafanyabiashara wa Kigujarati wanafungua vitabu vipya vya hesabu kwa maombi. Mtoto anayeona baba akiombea kitabu cha hesabu anaelewa kwamba hata pesa ina mtu anayeitazama.

Hadithi ya mkimbizi

Halafu kuna hadithi. Wahindu wana hadithi kubwa ya Rama, mtoto wa mfalme aliyefukuzwa nyumbani akaenda kukaa msituni miaka 14, pamoja na mke wake Sita na mdogo wake Lakshmana. Mdogo wake mwingine, Bharata, alipopewa ufalme alikataa kuketi kwenye kiti. Aliweka viatu vya kaka yake juu ya kiti, akatawala kwa jina lake mpaka aliporudi. Taa za Diwali, kwa Wahindu wengi, ni taa za kumpokea Rama aliyerudi nyumbani.

Fikirini, ndugu zangu. Mtoto wa Kihindu aliyezaliwa mbali anapewa, tangu mdogo, hadithi ya mtu aliyefukuzwa kwake, akakaa porini miaka mingi, na bado hakuwa mwizi, hakuwa muuaji wa njiani, hakusahau yeye ni nani. Vibarua wa Kihindi walipelekwa Mauritius tangu 1834, Natal huko Afrika Kusini tangu 1860, na pia Fiji, Trinidad na Guyana. Katika sehemu nyingi wajukuu wao waliipoteza lugha ya babu. Hadithi ya Rama hawakuipoteza.

Sisi deplase tunawasimulia watoto nini jioni? Tuseme ukweli.

Tunasimulia nani alichoma nyumba. Tunasimulia watu wa kabila gani walikuja usiku, na watu gani si wa kuaminiwa hata wakikuchekea. Mtoto wa miaka sita hajui jina la mto wa kijiji chake, lakini anajua jina la adui. Hajui kumsalimia nkambo kwa heshima, hajui kupiga makofi mbele ya mkubwa, lakini anajua kwamba Mutwa ni mbaya, au Muluba ni mbaya, inategemea amelala katika kibanda cha nani. Ndiyo maana kichwani nimeandika kwamba tunawarithisha vita. Urithi huo haulemei begani wakati wa kukimbia, kwa hiyo umefika salama. Vingine vyote tuliviacha njiani.

Siku 90

Najua mtu atasema: "Mwandishi, Wahindi wana pesa. Mwenye duka anaweza kulea mtoto anavyotaka. Mimi nalala chini ya turubai."

Jibu langu ni mwaka 1972. Tarehe 4 mwezi wa 8 mwaka huo Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wenye paspoti za Uingereza waondoke Uganda, akawapa siku 90. Wahindu, Waislamu, Masingasinga, Wakatoliki wa Goa, wote walikusanya mizigo. Waliacha maduka, mashamba ya miwa, nyumba, magari. Waliruhusiwa kutoka na pesa kidogo sana, kama pauni 50 kwa familia, na njiani wanajeshi waliwapora hata pete. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, na wengi wao walianza maisha katika kambi 16, nyingi zikiwa kambi za zamani za jeshi, katika baridi ambayo hawakuwahi kuijua. Walipangwa mstari wa chakula na wa makoti, kama ninyi.

Na hawakupendwa. Halmashauri ya mji wa Leicester ilifika hatua ya kulipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, mwezi wa 9 mwaka 1972, ikiwaambia kwamba mji umejaa, msije kwetu. Nani kati yenu amewahi kuona mwenyeji anayelipa gazeti kukwambia usije?

Walikwenda. Wakafanya kazi za usiku viwandani, wanawake kwa wanaume. Na leo katika mji uleule wa Leicester, barabara ya Belgrave Road inawashwa taa za Diwali kila mwaka, maelfu ya watu wanajaa, na mji unajisifu kwa sikukuu hiyo kama yake. Mwaka 1995 ulifunguliwa Neasden, London, mandiri mkubwa wa mawe yaliyochongwa India, na wengi waliotoa jasho na pesa zao ni familia zilizotoka Afrika Mashariki. Watoto wamejifunza Kigujarati wikiendi, katika vyumba vya kukodi, kwa walimu ambao wiki nzima walikuwa wakifanya kazi nyingine. Serikali ya Uingereza haikuwa na deni hilo, na wazazi walilijua.

Tena, jambo la kutufurahisha sisi: wazee wao huko London na Leicester bado wanasema kisu, sufuria, fagio na jugu ndani ya Kigujarati chao, na muhogo wanauita mogo. Hawakubeba India peke yake. Walibeba na Afrika iliyowafukuza. Kushika ya kwako hakukukatazi kuchukua ya jirani.

Na maadili hayo hayakuwa ya kuwasha taa na kunyamaza tu. Mwaka 1976, huko London, mama mmoja wa Kigujarati aliyewahi kukaa Tanzania, Jayaben Desai, mfupi, amevaa sari, alitoka nje ya kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick kwa kukataa kudharauliwa, akaongoza mgomo wa karibu miaka miwili. Mgomo ulishindwa mwaka 1978. Lakini wafanyakazi Wazungu kwa maelfu walikuja kusimama mlangoni pamoja na wanawake wale wa sari. Mtu aliyefundishwa thamani yake nyumbani haihitaji bosi amthibitishie.

Kwa hiyo msiniambie ni pesa. Mwaka 1972 hawakuwa na pesa. Walikuwa na mazoea ya kila siku, na mazoea hayapakiwi kwenye begi, hayaporwi kwenye kizuizi cha askari.

Sitaki kuwasafisha

Sasa nisije nikaonekana nawauzia watu watakatifu. Wahindu wa Afrika Mashariki wana makosa yao, na makosa hayo yanatufundisha pia. Wengi walijifungia. Walifundisha watoto sikukuu na hesabu, wakasahau kuwafundisha kumwona Mwafrika kama ndugu. Mtumishi wa nyumbani alilea watoto wao miaka kumi na hakuwahi kukaa meza moja nao. Tabaka za kwao, za nani ni wa juu na nani wa chini, walizivusha bahari pamoja na viungo vya chakula. Binti akimpenda kijana wa nje, nyumba inawaka moto. Amin alikuwa jambazi, na alichofanya kilikuwa uovu, lakini chuki aliyoitumia kama kuni ilikuta kuni kavu.

Kwa hiyo nasema hivi: urithi ukifanywa ukuta, siku moja utamwangukia yule aliyeujenga. Urithi mzuri ni kama jiko la nje. Ni lako, lakini jirani anaota moto.

Na sisi wa Katanga tusimnyooshee Amin kidole haraka. Mwaka 1992 na 1993, Likasi, Kolwezi na kwingineko, ndugu zetu Wakasai waliozaliwa hapa, waliofanya kazi hapa, walisukumwa kwenye gare wakangoja treni wiki na wiki. Watoto walikufa pale. Treni zile zilipita Kamina zikiwapeleka. Kuna wazee hapa wanaoyakumbuka, na wanatazama chini wakiulizwa. Na mwaka 1973, Mobutu alipotangaza kuchukua maduka na mashamba ya wageni na kuwagawia wakubwa, hapakuwa na wengi waliolia kwa ajili ya Wahindi, Wagiriki na Wareno waliopoteza kila kitu. Mwaka mmoja baadaye rafu zilikuwa tupu, na waliolia walikuwa sisi. Mtu anayejua kufukuza, kesho atafukuzwa. Tumefukuza, tumefukuzwa. Watoto wetu wanahitaji somo lingine.

Ya kwetu yako wapi?

Wengine mtasema: "Wahindu wana dini ya kale, vitabu, hadithi. Sisi tuna nini?"

Hapo ndipo hasira yangu inapopanda. Uko Kabongo, katika nchi ya moja ya falme kubwa za Waluba, unauliza tuna nini? Tuna Kalala Ilunga, mwana wa mwindaji Mbidi Kiluwe, aliyekimbia mjomba wake Nkongolo aliyetaka kumwua, akakaa kwa baba yake ugenini, akarudi. Hiyo nayo ni hadithi ya mkimbizi! Tulikuwa na bambudye, watu wa kutunza kumbukumbu, waliokuwa wakishika lukasa mkono wa kushoto, ubao wenye shanga, na kwa kidole cha mkono wa kulia wakasoma safari za wafalme, mipaka na sheria. Wazungu wamezichukua lukasa, wameziweka ndani ya vioo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, wanafunzi wa huko wanaziandikia vitabu. Mtoto wa Kabongo hajawahi kuiona hata kwenye picha.

Tuna majina. Mapacha kwetu ni Kyungu na Kabange, na mtu akisikia jina hilo popote duniani anajua mama huyu alizaa wawili. Juzi nilikutana na mapacha waliozaliwa katika safari ya kukimbia. Wamepewa majina ya wachezaji wawili wa mpira wa Ulaya. Sikucheka. Baba yao aliniambia: "Nilitaka wapate majina ambayo hayatawaletea shida." Nimemwelewa. Kwenye vizuizi, jina la mtu limewahi kumwua. Lakini siku shida itakapopita, majina yatabaki yale, na watoto watauliza.

Sisemi turudi kwa Mobutu, ambaye mwaka 1972 alilazimisha watu watupe majina ya ubatizo. Kulazimisha utamaduni kwa amri ni kuufanya chukizo. Nasema tu kwamba mtoto anaweza kuitwa Jean na Kyungu, na Mungu hatachanganyikiwa.

Hapo nawageukia na wachungaji, kwa heshima. Baadhi yenu mmeita kila kitu cha kwetu pepo: ngoma pepo, hadithi pepo, jina la babu pepo. Kuna mambo ya zamani ya kuacha, na nayakataa pamoja nanyi. Lakini kumfundisha mtoto kupiga makofi akimsalimia mkubwa na kusema "eyo vidye" ni pepo wa wapi? Kusema "wafwako" badala ya kunyamaza ukipewa chakula ni uchawi gani? Ukimnyang'anya mtoto vyote vya babu yake na kumwachia hofu tu, hujamfanya Mkristo. Umemwacha uwanjani bila nguo.

Na serikali? Katiba ya 2006, kifungu cha kwanza kabisa, inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba. Lugha nyingine, Kiluba chetu cha Katanga ndani yake, inasema ni urithi wa utamaduni wa Kongo na kwamba Taifa litazilinda. Maneno mazuri. Lakini sijaona ofisa aliyekuja kumlinda Kiluba ndani ya kibanda cha turubai. Anayemlinda hapo ni mama anapomwita mtoto kuleta maji.

Tufanye nini, kuanzia wiki hii

Sipendi mwandishi anayelaumu akaenda kulala. Kwa hiyo nawapa kazi, na sio kazi ya pesa.

Kwanza, mtoto wa kila nyumba ya deplase ajue vitu vitano kabla hajafika miaka saba: jina la kijiji, jina la mto au kilima cha hapo, jina la nkambo wa upande wa baba na wa mama, na namna ya kusalimia mkubwa. Mkimbilie popote, avijue.

Pili, lugha. Chagueni saa moja ya jioni ambayo nyumba yenu inaongea lugha ya kwenu tu, iwe Kiluba, Kihemba, Kisanga au nyingine. Kiswahili atakipata sokoni, Kifaransa atakipata masomo. Ya kwenu hataipata pengine. Na ninyi wenyeji mnaomcheka mtoto kwa matamshi yake, acheni. Mnamfundisha kuona haya mbele ya mama yake.

Tatu, Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoita hapa, wazee walio katika kambi na katika nyumba za wenyeji wakusanye watoto chini ya mwembe. Saa moja tu. Mzee mmoja, hadithi moja. Tutakuwa tunawapoteza wazee hawa mmoja mmoja, na kila anayezikwa ugenini bila kusimulia anakwenda na maktaba.

Nne, na hili ndilo gumu. Msimulieni mtoto kilichotokea, msimfiche. Lakini msimalizie hadithi kwenye adui. Malizieni kwa mtu aliyewapa maji njiani, kwa mwenyeji aliyewafungulia mlango, kwa Mutwa au Muluba aliyewaficha, maana karibu kila familia ninayoijua ina mtu huyo ndani ya safari yake. Mtoto akue akijua kwamba ubaya una jina na wema nao una jina.

Tano, msiwafungie. Mtoto wa deplase acheze na mtoto wa Kabongo, wajifunze sikukuu za wenzao. Kosa la Wahindi wa zamani tusilirudie kwa umaskini wetu. Wao walikuwa na geti la chuma. Sisi tuna turubai, na bado tunaweza kulifanya geti.

Wahindi wa Uganda, wengine wao, walirudi. Familia za Madhvani na Mehta zilirudi kwenye mashamba yao ya miwa ya Kakira na Lugazi katika miaka ya 1980, na baada ya hapo serikali ya Museveni iliwarudishia wengi mali zao. Walikuta magugu. Lakini watoto waliorudi nao walijua wanarudi wapi, kwa sababu mtu alikuwa amewaambia. Je, siku barabara ya kwenu itakapofunguliwa, mtoto wako atajua anarudi wapi? Au atashuka kwenye lori, atazame msitu, aseme: "Papa, hapa ni wapi? Turudi kambini kwetu"?

Jana nilipita tena kwenye gare. Yule kijana wa karanga alikuwepo. Mara hii mama yake alikuwa karibu, ananyonyesha. Nilimsalimia, nikamwambia bila kuzunguka kwamba mtoto wake hajui kijiji chake. Alikasirika kwanza. Akasema: "Ungekimbia na watoto wanne usiku, ungekumbuka kufundisha?" Sikuwa na jibu, na ni haki yake kuniuliza. Tulikaa kimya kidogo. Halafu akamwita mtoto, akamshika bega, akamwambia jina la kijiji, na jina la mto, na jina la nkambo. Mtoto alirudia. Alikosea jina la mto. Mama alilisema tena, polepole, mara tatu, mpaka akalipata.

Dakika mbili hivi. Kama yule mtoto wa Lubumbashi na taa yake.

Mwandishi wenu, Kabongo.